Kidole cha Baba

Obihiro, 12 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Mgongo wako haujaanza kuuma tena? Huku theluji haijaisha, lakini mimi mzima.

Mzima wa mwili tu. Mtihani wa kwanza wa urubani nimefeli! Mwalimu Onodera amekiri mwenyewe kwamba darasa zima hakuna mwenye mikono kama yangu, halafu akanifelisha eti sikusoma orodha ya ukaguzi. Yote iko kichwani, ya nini kuisoma? Nikifeli tena, narudishwa nyumbani. Mwenzangu Segawa, anayeyumbisha ndege kama mlevi, amepita! Kutwa yuko kitini mbele ya picha ya dashibodi aliyobandika ukutani, ananyoosha kidole na kutaja kila swichi kwa sauti. Nilicheka mbavu sina. Nilikuona wewe na taa zako za reli.

Mwanao,
Chinatsu

Akita, 18 Aprili

Chinatsu,

Hatujambo. Mama anakutumia achari ya figili ya moshi, mgawie na Segawa.

Nimeendesha treni miaka thelathini na minane, na kila taa nimeinyooshea kidole na kuitaja. Watoto wa abiria walinicheka, sasa na wewe. Haya, cheka. Lakini mikono mizuri hata kinyozi anayo. Mwalimu hakuchukii, anawaogopea abiria wako.

Baba yako

Obihiro, 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Achari imefika, Segawa amekula nusu. Mimi sili, wala sikai mahali pamoja.

Juzi, baada ya kutua, nilikuta mfuniko wa tangi la mafuta umelegea. Kuukagua ilikuwa kazi yangu. Nimeruka nusu saa nzima hivyo! Hakuna aliyeona. Nikaufunga haraka, nikatia sahihi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Mtihani ni tarehe thelathini. Nikisema, huenda nikafukuzwa kabla yake. Mama asijue. Nifanye nini?

Mwanao,
Chinatsu

Akita, 13 Mei

Mwanangu,

Mama hajambo, na hili lako hajui. Mimi mgongo sijawahi kuumwa.

Ulipokuwa darasa la tatu nilikwambia daktari amenikataza kuendesha kwa sababu ya mgongo. Uongo. Siku moja ya mvua nilipita kibao cha kupunguza mwendo bila kukitaja, mawazo yangu yakiwa mbali, treni ikaingia kwenye kona kwa kasi. Hakuna aliyejua. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwa mkuu wangu. Nilifagia karakana miezi mitano. Niliona haya kukwambia, maana ulikuwa ukijisifu shuleni kwamba baba ni dereva. Mama yako alijua, akanitunzia siri.

Sikulazimishi. Jibu haraka tu.

Baba yako

Akita, 3 Juni

Chinatsu,

U mzima? Wiki tatu kimya. Tarehe thelathini imepita. Kila asubuhi nalinyooshea kidole sanduku la barua na kusema, "Barua: hakuna!" Mama anasema majirani wananicheka. Umekasirika? Umefukuzwa? Andika hata neno moja.

Baba yako

Obihiro, 7 Juni

Baba,

Shikamoo. Kwanza rudisha barua hii sandukuni, nyoosha kidole, useme, "Ipo!"

Nilimwambia Mwalimu Onodera siku ileile niliyopata barua yako. Akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukitaja kitu kwa sauti." Akaniondoa kwenye ndege, akaahirisha mtihani wangu, akanipa ufagio wa banda la ndege. Nilifagia wiki mbili bila kujua kama nitaruka tena, nikakosa cha kukuandikia. Segawa aliniwekea kiti cha pili mbele ya ukuta wake, tukataja swichi pamoja mpaka sauti zikatukauka. Jana, kwenye mtihani, niliushika ule mfuniko, nikautaja. Onodera akasema, "Basi, basi, hata Akita wamekusikia."

Leo sikuulizi mgongo. Nauliza ile aibu, imepona? Yangu imepona jana. Nimefaulu.

Mwanao,
Chinatsu