Barua Iliyoleta Gari la Pamba

Parokiani, Bariadi
9 Oktoba 1996

Mwanangu mpendwa Specioza,

Mwangaluka, mayu wangu. Kifua kimepoa? Ulisema upepo wa ziwa huko Mwanza unakukohoza, nami tangu nisome hayo, kila anayekohoa kanisani namgeukia. Vaa sweta, hata kama wenzako wanaicheka rangi yake. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepungua uvimbe, anatembea hadi zizini na kurudi na malalamiko mapya. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, jike. Mvua bado, ila mawingu yanakusanyika upande wa Lamadi, na watu wanang'oa miti ya pamba na kuichoma.

Barua yako ameileta katekista Januarius Jumapili baada ya misa. Nimeisoma mara nne, maana macho yangu na mwandiko wako havielewani. Nimefurahi, halafu nikaogopa. Unasema Ijumaa ya tarehe ishirini na tano utasimama mbele ya walimu na kazi yako ya kumalizia chuo, na kazi yenyewe ni kuhusu ile barua yetu ya pamba: kwamba barua fupi, isiyozunguka, ndiyo iliyofanya kampuni ilete gari kijijini kwetu. Na unasema mwalimu wenu alimrudishia mwenzenu mmoja kazi nzima kwa sababu alichukua maneno ya mtu bila kumtaja mwenyewe. Ngoja nikueleze taratibu, usikunje uso.

Unakumbuka hali ya mwezi wa nane. Zamani mnunuzi alikuwa chama cha ushirika tu, uwahi uchelewe atakuja yuleyule. Sasa kuna kampuni, kila moja na magari yake, zinanunua vijiji vya barabarani, sisi wa ndani zinatupita. Pamba yetu wanawake ilikuwa imejaa ghalani hadi kwenye mabati, na yale mabati unayajua, ukisimama ndani unaona mbingu. Mvua ingenyesha, tungebaki na uozo. Wakaniambia niandike mimi, eti mama wa msomi. Nikakuomba msaada, ukaniletea barua iliyopangwa vizuri kabisa: Yah, kichwa cha habari, ombi, siku, jina la ghala, njia ya kupita, wako mtiifu. Ukaniagiza nisiongeze hata neno, kwamba mtu wa ofisi hana muda wa kusoma salamu.

Basi gari likaja. Mbele kwa dereva alikaa Joakim, yule aliyekuwa karani wa chama chetu, siku hizi ni wakala wa kampuni, ndiye tuliyemwandikia. Wanawake walipiga vigelegele, wakasema Specioza ameita gari kwa kalamu akiwa hukohuko Mwanza. Shija jirani yetu akanitania kuwa kuanzia sasa nikibisha hodi kwake nianze na Yah, vinginevyo hafungui. Nikacheka nao. Kesho yake nikakuandikia kwamba barua yako imeleta gari.

Haikuwa yako, mwanangu. Yako nilianza kuinakili, nikafika pale pa husika na kichwa cha habari hapo juu, mkono ukakataa. Joakim namjua tangu anajifunza kupima pamba. Mama yake amewahi kulala nyumbani kwetu wakati wa semina ya kina mama, tumekula sahani moja. Nitamwandikiaje mtu huyo kama ninayempeleka mahakamani? Nikachukua karatasi nyingine. Nikamsalimu, nikamuuliza mama yake anayeumwa huko Nyalikungu anaendeleaje, nikamwambia jumuiya yetu inamtaja kwenye sala. Ndipo chini nikaweka maneno yako ya siku na ghala na njia, kama ulivyoyapanga.

Wakati wanapakia, Joakim aliniita pembeni. Akasema mezani kwake kulikuwa na barua nyingi za vijiji, zimefanana kama sare za shule, na zote alizisogeza asome kesho. Ya kwetu aliisoma amesimama, akaenda kumsomea na mama yake. Lakini akasema pia kwamba bila ile njia uliyoieleza, ya kuzungukia juu ya mto, gari lingekwama mchangani na wangerudi tupu. Kwa hiyo usijione hukufanya kitu.

Nilikudanganya kwa hofu. Mwezi uleule ulikuwa umeniandikia unataka kurudi nyumbani, kwamba wenzako wanakucheka unavyoongea, kwamba chuo si mahali pa mtoto wa huku kwetu. Nikaona ukisikia barua yako ni nzuri utakaa. Na ulikaa. Ila sikujua ungeipeleka mbele ya walimu. Mimi nimezoea uongo wa mama unaishia jikoni.

Sasa usisimame na kitu kisicho kweli kwa ajili yangu. Najua siku ni chache na itabidi upange upya, pengine ulie kidogo. Lia, halafu upange. Humu kwenye bahasha nimeweka ile karatasi ya kwanza ya barua yangu, iliyomwagikiwa wino nikaandika nyingine, maneno ni yaleyale aliyopelekewa Joakim. Mwalimu akiuliza imetoka wapi, mwambie kwa mama yako, aliyeishia darasa la nne, na usione haya. Sehemu ya chini ni yako, jitaje. Na habari za ugonjwa wa mama yake Joakim nilizipata kwa Shija mnadani, naye mtaje, tusije tukawa tumemwibia.

Baba yako anakusalimu, anasema yeye alijua tangu mwanzo, muongo huyo. Shija anakusalimu. Ukimaliza Ijumaa hiyo, vyovyote itakavyokwenda, uje nikuone kifua chako kwa macho yangu.

Ni mimi mama yako, niliyeiandika,
Philomena