Kikombe Nilichokitikisa Tokyo

Bi Zuwena, mke wangu, salamu zangu zikufikie hapo Ibra.

Leo mjukuu wetu Salma kanipeleka mkahawa wa paka. Paka wote wamewaacha Wajapani, wamenilalia mimi. Wanamjua mtu! Salma ati, "Babu, wananusa pweza ulomla njiani." Muongo.

Msichana kanimiminia kahawa, nikatikisa kikombe kama kwetu Oman, yaani basi, nimetosheka. Yeye kadhani nataka tena, akajaza. Nikatikisa, akajaza. Nikatae kwa mdomo, mimi? Nimekunywa mpaka mikono yatetemeka, ndipo Salma akamfahamisha. Tulipotoka, yule msichana katutikisia kikombe kitupu, Muomani khasa! Nimemfunza mimi.

Weka dele lako la kahawa tayari. Wewe ukinimiminia, wallahi sitikisi.

Mumeo,
Seif