Firigisi ya Baba Mkwe

Alhamisi, 6 Juni. Asubuhi.

Natangaza kwa majonzi: jogoo mwekundu wa Kabula, mke wangu, hatunaye tena. Baba yake, Mzee Masanja, anakuja leo kutoka Ziba. Marehemu ameacha mchuzi.

Mimi nimerithi tumbo zima. Kesho nafundisha mzunguko wa damu. Nimeingiza wino mwekundu kwa bomba la sindano, kwenye ateri moja tu. Ukakimbia kote: firigisi, ini, kongosho, utumbo. Mti mzima wa matawi mekundu. Miaka ishirini na sita ya chaki, sijawahi kupata mzuri hivi. Uko kwenye chupa ya spiriti.

Mchana. Mzee Masanja kapekua bakuli kwa kijiko mara mbili. Kwao firigisi ni ya baba, mwanamke haigusi. Akauliza polepole, "Kuku wa mjini hana firigisi?"

Nikasema paka kaila. Hatuna paka.

Ijumaa, 7 Juni.

Somo limefana. Nyumbani hapakaliki. Mzee anaamini aliyeila ni Kabula. Kamwambia, "Sikukulea hivyo." Kisha kafunga mkoba wake, kesho anaondoka.

Kabula katia chumvi kwenye chai yangu. Nimeinywa yote. Najiona mdogo.

Jumamosi, 8 Juni.

Kabla ya basi nimempitisha mzee shuleni. Nikamwonyesha chupa. Akainama, akavaa miwani, akainama tena.

"Huu uzi ndio unailisha?"

"Ndio, baba. Huohuo unalisha na ini."

"Na yule paka?"

"Paka ni mimi, baba. Nilisahau mila. Nisamehe."

Alicheka mpaka akashika meza. Basi likaondoka bila yeye. Tulipofika nyumbani alimwambia Kabula, "Nisamehe, mama."

Jumapili, 9 Juni.

Amani imerudi. Baba na binti wako uani wanamenya karanga. Wanaongea Kisukuma, nasikia jina langu, halafu kicheko. Kwa amri ya mzee, chupa ina karatasi: Firigisi ya Masanja.

Sasa ukweli. Sikusahau mila. Alhamisi Kabula aliniambia, "Firigisi niachie, ya baba." Nikajibu sawa, mkasi mkononi. Kuikata kungeuvunja ule mti, nami nilikuwa nimeshaupenda.

Siku mbili alibeba lawama ya baba yake. Neno moja tu lingemtoa. Hakunitaja.