Bonyezo Moja la Nermine

Shukri, leo nimekuwa mwoga vibaya sana. Nermine wa ghala la dawa amefukuzwa kazi kwa kosa langu mimi.

Alibonyeza "Futa" mara moja, oda tatu za insulini zikafutika. Mara moja, Shukri! Hegazy meneja akamfokea mbele yetu: "Kidole chako kina kigugumizi, bibie?" Watu wakacheka. Nermine akaapa, "Wallahi, mara moja tu!"

Mimi nilishajua. Nilipoiunganisha programu mpya ya Java na ile yangu ya zamani ya Kobol, niliweka kila dirisha la oda likifunguliwa kwenye skrini liongeze msikilizaji mpya, kijisehemu cha programu kinachosubiri kitufe kibonyezwe, nikasahau kumtoa wa zamani. Nermine alilifungua mara tatu. Bonyezo lake likasikiwa na watatu, kila mmoja akaiamuru Kobol ifute oda inayofuata.

Nilijua, nikabaki nakoroga chai.

"Ustadh Rifaat, mashine yako inaweza kukosea?" Hegazy akaniuliza. Nikasema haijawahi. Haijawahi, ndivyo nilivyosema!

Sasa hivi nimetoka kumwambia Hegazy ukweli. Nikampigia Nermine arudi kazini.

Akanijibu, "Hegazy nitamsamehe, ami. Yeye hakujua."