Mguu wa Kushoto wa Rehema

Kamau, ndugu yangu,

Usishtuke kusikia barua kutoka kwa Kalasinga wako. Ulizoea kelele zangu, si mwandiko wangu. Lakini wewe umelala Molo na mimi niko hapa Birmingham na goti bovu, na daktari amenikataza kukaa kwenye ndege safari ndefu hivyo. Wairimu anakuja nyumbani Desemba kukujengea kaburi. Nimemwomba akusomee haya palepale, kwa sauti, na asiruke mahali ninapokugombeza. Binti yako ni nesi, amezoea kuwaambia watu habari mbaya kwa upole.

Nianze na salamu. Nyumbani kwako Perry Barr hawajambo. Mjukuu wako Nyambura amemfikia mama yake kwa kimo, na bado anaelewa Kiswahili chote halafu ananijibu kwa Kiingereza. Juzi nilimuuliza kama anakukumbuka wewe, guka wake. Akasema, "Obviously, Uncle. He smelled of horses." Nilicheka, kisha nikaenda kusimama jikoni peke yangu mpaka macho yakakauka. Siku ya kukuaga kanisa lenu lilijaa, wengine wakasimama nje kwenye mvua. Waliniweka mstari wa mbele na kilemba changu, nikaimba tenzi zenu zote bila kujua maneno. Mchungaji alidhani nimeokoka.

Ninapita kila siku mbele ya lile duka la kamari tulipokutana. Wewe hukuwa unacheza. Ulisimama chini ya televisheni, mikono nyuma, ukitazama farasi wakizungushwa kabla ya mbio, ukasema peke yako kwa Kiswahili, "Huyu wa kijani ana maumivu." Nilikuwa sijasikia Kiswahili mahali pale hata siku moja. Nikakujibu, "Basi nimekwisha, maana nimemwekea huyo huyo." Farasi akashinda, nikakucheka mbele ya watu wote. Nawe ukaniambia bila hata kugeuka, "Leo ameshinda. Kesho muulize kama anaweza kutembea." Wewe, saisi uliyezeeka katika shamba la kuzalisha farasi wa mbio, uliyeletwa huku na binti baada ya mkeo kufariki, mimi, mtoto wa Nakuru niliyemaliza nguvu zangu kuchomelea mageti ya watu Handsworth. Tangu siku hiyo mke wangu alianza kulalamika kwamba nimeoa mara ya pili.

Halafu tukamnunua Subira. Ilikuwa wazo lako, na hilo liandikwe. Wenye farasi walikuwa hawamtaki kwa sababu aliacha mbio mapema, mguu wa mbele wa kushoto, ukano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu, umechanika. Lakini nasaba yake! Mama yake alishinda, bibi yake alishinda, na huko juu kabisa kuna dume ambaye watu wa mbio humtaja kama sisi tunavyowataja mababu. Ulinisomea majina yale ndani ya gari langu pale kwenye maegesho, taratibu, kidole juu ya karatasi, na mimi ambaye sikujua lolote nikaona fahari. Penye urembo ndipo penye urimbo, Kamau. Tulinasa wote wawili.

Tulimweka kwenye lile shamba nje ya mji. Kila asubuhi nilikuchukua, na kila asubuhi ulikataa chai mpaka umpapase miguu, kutoka goti hadi kwato, ukitafuta joto. Ulisema ukano haudanganyi, ukiwa mgonjwa utachemka kabla farasi hajachechemea. Mimi nilishika ndoo na kuambiwa kwamba ninaishika vibaya.

Sasa nisikilize, maana nimelifikiria jambo hili mwaka mzima. Unamkumbuka yule kijana mhandisi aliyetaka kumwoa Wairimu, kabla ya huyu baba Nyambura? Kijana mzuri, mpole, mcha Mungu. Ulimkataa kwa sababu ulitafuta mpaka ukagundua kwamba huko nyuma ninyi na wao mna babu mmoja. Wairimu alilia, wewe hukuyumba. Nami sikukulaumu, kwa sababu sisi Masingasinga ni hivyo hivyo: kabla ya kumwozesha mwanangu tuliuliza ukoo wa baba, wa mama, wa bibi huku na bibi kule, tusije tukaozesha ndugu kwa ndugu. Wazee wawili wakali wa ndoa. Kisha tukamchagulia Subira dume ambaye babu wa babu yake ni yule yule babu wa Subira, tukapiga makofi na kula sambusa.

Nilikuuliza, utakumbuka. Nilikuuliza kama hawa si binamu. Ukacheka, ukasema, "Kalasinga, hii si harusi. Ukikunja damu ya mbio mara mbili, mbio zinakuwa mara mbili." Na ni kweli, watu wa kazi hiyo ndivyo wafanyavyo, na wengi wamefanikiwa. Lakini wanaojua, na wewe ulikuwa mmoja wao, wanajua pia kwamba udhaifu ukiwa ndani ya damu ile nao hukunjwa mara mbili.

Akazaliwa Tumaini. Akachanika ukano wa kushoto akiwa bado mazoezini. Ulilaumu ardhi, ukasema huku kiangazi ardhi inakuwa saruji, si kama udongo wetu wa Molo. Tukamrudisha Subira kwa dume yule yule. Akazaliwa Baraka, akakimbia mara moja tu, kushoto tena. Hapo ukamlaumu joki, ukasema amepanda kama mtu anayefukuza basi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kweli alipanda hivyo.

Kisha Rehema. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, na Subira alikuwa bado anamlamba. Uliingia kwenye majani makavu kwa magoti yako ya uzee, ukampapasa mwana yule aliyelowa, mguu baada ya mguu. Kwenye mguu wa kushoto, chini ya goti, mkono wako ulisimama. Nilikuwa mlangoni, nilikuona. Ulirudia mahali pale, ukarudia tena. Kisha ukainuka, ukapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Mzima kabisa. Huyu ndiye." Sijui ulihisi nini, Kamau. Pengine hakukuwa na kitu cha kuhisi katika mguu mchanga namna ile. Lakini tangu hapo hukutaka mtu auzungumzie mguu wake, na mtunzaji wa shamba alipothubutu kusema amesimama vibaya kidogo, hukumsalimia wiki nzima. Wahenga walisema chongo kwa mwenye kupenda huita kengeza. Nilikuwa nikidhani walisema kuhusu wanawake.

Nije hospitalini, siku zako za mwisho. Wairimu alikuwa ametoka kuongea na daktari. Ulinishika mkono kwa nguvu iliyonishangaza, ukaniambia, "Rehema akimbie. Na Subira azae tena, kwa dume yule yule, nimeshaongea na ofisi ya wenye dume. Usiikatize damu hii, Kalasinga. Ni kitu pekee nilichotengeneza huku." Nikasema nimekubali. Ukasema ahadi ni deni. Nikasema najua, lala. Ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana yenye maana; yaliyobaki yalikuwa habari za uji na mto wa kulalia.

Rehema alikimbia. Nilikwenda na Wairimu, alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa ile kofia yako ya sufu ingawa haikuwa baridi. Laiti ungemwona. Mkufunzi alisema hajapata farasi wa umri ule mwenye hatua ndefu hivyo. Alipofika kona ya mwisho alikuwa mbele, peke yake mbele, na Wairimu alikuwa akipiga kelele kwa Kikuyu, na mimi kwa Kipunjabi, na wazungu wakitutazama. Nilisema kimoyomoyo, Kamau, ulikuwa sahihi, mwizi wewe, ulikuwa sahihi.

Kisha akainua kichwa, na ule mguu ukakosa pa kukanyaga.

Walileta yale mapazia ya kijani, ya kumficha farasi anayechomwa sindano ya mwisho. Nilijaribu kupita, kijana mmoja akanizuia kwa adabu sana, akasema, "Sorry sir, you don't want to see it." Nilitaka kuona. Nilitaka hata kumgusa shingo. Alikufa katikati ya watu waliokuwa hawamjui hata jina, na mimi nilikuwa umbali wa kurusha jiwe nikishikilia uzio. Wairimu hakulia pale. Alilia kwenye gari, tukiwa kwenye foleni, akasema, "Uncle, I can't do this tena. Ni kama namzika Dad mara ya pili."

Daktari wa farasi alinipigia baadaye. Alisema kushoto mfupa ulivunjika baada ya ukano kuachia. Nikamuuliza kama ni ardhi. Akasema ardhi ilikuwa laini. Nikamuuliza kuhusu joki, akasema hakuna kosa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikumuuliza: kwamba hata mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuharibika vivyo hivyo. Aliniuliza kama kuna ndugu zake wengine waliopata hivyo. Nikamwambia wote, na mama yao pia. Akasema pole.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Nilikukasirikia sana, Kamau, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu mtu hawezi kugombana na kiti kitupu. Nilikwenda shambani nikamfokea Subira badala yako, naye akaendelea kutafuna. Nilitaka uniambie ukweli wa ile asubuhi, mkono wako uliposimama. Nilitaka unitukane, uniite fundi mageti asiyejua farasi. Mpaka leo ninataka hivyo. Kisha hasira ikaisha nikabaki na upweke tu, na huo ni mbaya zaidi, hasira angalau inamtoa mtu kitandani.

Wiki iliyopita wale wa ofisi ya dume walinipigia simu. Wanapanga majike watakaopandwa msimu ujao. Jina la Subira liko, uliliacha kama ulivyosema. Yule mama wa ofisini ni mtu mzuri, alinipa pole kwa ajili yako na kwa ajili ya Rehema, kisha akauliza kama Subira anakuja. Nikasema nipe siku moja. Nikaenda kwa Wairimu. Nilitaka aniambie nitimize neno lako, ili lawama iwe yake. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Akasema, "Uncle, Dad alikuwa anampenda huyo farasi mpaka hakuwa anaona vizuri. Wewe unaona. So please, usinipatie mimi hiyo decision." Mkali kama babake.

Asubuhi nikampigia yule mama, nikamwambia Subira hatakuja. Akasema ni hasara, nasaba kama ile, na kwamba kama nimechoka kuna mtu aliye tayari kumnunua hata kesho amzalishe mwenyewe. Hapo, ndugu yangu, nilikaribia kukubali. Ingekuwa rahisi sana. Damu isingekatika, neno lako lingetimia kwa mkono wa mtu mwingine, nami nisingesimama tena kwenye uzio wowote. Wangekuja wengine wazuri, wenye hatua ndefu, na kila mmoja angekuwa na mguu ule. Nikamwambia hauzwi. Nikakata simu kabla sijasikia jibu.

Kwa hiyo nimeivunja ahadi niliyokupa kitandani. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Damu uliyoitengeneza huku imesimama kwa Subira, na aliyeisimamisha ni mimi. Usiku wa kwanza nilijiona msaliti. Sasa nadhani hata wewe, kama angekuwa farasi wa mtu mwingine, ungesema hivyo hivyo, tena kwa maneno makali zaidi. Na ulichotengeneza huku si hicho tu. Kuna binti ananiita Uncle, na kuna mzee mmoja wa Handsworth aliyekuwa amesahau kwamba anajua kucheka kwa Kiswahili. Lakini sitakuongopea kwamba hainiumi. Inaniuma kama vile nimekufukia kwa mikono yangu.

Wairimu, hapa soma polepole.

Lala salama, Kamau, katika udongo wako laini. Nakupa ahadi nyingine mahali pa ile niliyoivunja, na hii sitaivunja. Subira atakula majani mpaka azeeke, hatapandwa, hatauzwa. Na siku yake ikifika, hakuna atakayenizuia kwa adabu. Nitashika hatamu mimi, nitaweka mkono shingoni mwake, nami nitamsemesha kwa Kiswahili mpaka aache kusikia.

Kalasinga wako,
Balbir