Zamu Ilikuwa ya Ronny

3 Februari 2025

Kwako rika langu Ronny,

Salamu nyingi, ewe mwoga uliyelia kabla kisu hakijakugusa. Habari za International City huko Dubai? Mkeo Phyllis ameshafika? Mimi mwili ni mzima, ila moyo una maswali.

Hoteli uliyoniambia nije kuilinda ipo, lakini wageni hakuna. Askari wa serikali wamejaa kuanzia mapokezi hadi paa, na sisi walinzi wa kampuni tunasimama langoni na virungu. Watu wa makabila, waliokuwa wakiandamana tu, wamechukua bunduki na kushika mitaa ya ng'ambo ya barabara. Duka tulikokuwa tukinunua mikate limebaki ukuta mmoja. Na sare zetu zina rangi ileile ya jeshi. Mtu wa kule ng'ambo atajuaje kwamba mimi ni mlinzi tu kutoka Bungoma?

Najua hukujua. Uliponiambia nifunge begi, sikuuliza hata jina la mji. Siku ya jando tulipakwa tope mto mmoja, na kwetu rika hadanganyi rika. Basi nenda kwa arbab, bosi wetu, maana pasipoti yangu msimamizi alirudi nayo Dubai. Wanasema mtu hatoki mpaka aje wa kushika nafasi yake. Niombee huyo mtu upesi. Na mdogo wangu Tonny anatua wiki ijayo kutafuta kazi. Mpokee, alale kwako.

Ndugu yako wa jando,
Lawrence

9 Februari 2025

Rika Lawrence,

Hujambo, mwanaume? Sisi hatujambo. Phyllis amefika, tumbo linamtangulia mlangoni. Tonny naye nimempokea, anakula kama wewe, sufuria inalia.

Habari zako nimezisoma. Arbab nimemwona, amesema inshallah, ni siku chache. Wewe kaa mbali na madirisha. Mama usimwambie. Mvumilivu hula mbivu.

Ndugu yako,
Ronny

2 Machi 2025

Ronny,

Natumaini mama mjamzito ni mzima. Mtandao ulikatwa, nimeupata leo.

Watu wa makabila wametoboa kuta za nyumba, wanapita ndani kwa ndani bila kukanyaga barabara. Wako jirani kabisa. Siku walipotushambulia nililala chini ya meza ya mapokezi na Umaru, yule Mganda mliyekuwa naye zamu moja huko Jumeirah Village Circle. Akaniuliza kama kweli nilikuja kwa hiari yangu. "Siku ile aliyeitwa kuja huku ni Ronny," akasema. "Akamwambia arbab mke wake anakuja, ila ana ndugu yake anayetamani sana kwenda."

Nilicheka, nikamwambia hajui mambo ya kwetu. Kesho yake Umaru alitoka kuchota maji, risasi ikampata shingoni. Tulimfunika kwa pazia la hoteli. Sasa sina hata wa kubishana naye.

Kinachoniuma ni kwamba ningekuja. Ungesema, "Rika, mke wangu ni mjamzito, nishikie zamu yangu," ningekutukana mpaka nichoke, halafu ningefunga begi. Nijibu tu: ni kweli au si kweli? Na unitoe huku.

Ndugu yako, kama bado,
Lawrence

11 Machi 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Phyllis amejifungua mtoto wa kiume, mama na mwana wanaendelea vizuri. Tunataka kumpa jina lako.

Hayo ya marehemu Umaru tutayaongea uso kwa uso. Ninayo habari njema: nimehangaika, nimempata wa kukubadili. Anakuja na msimamizi wiki hii. Akishuka yeye, panda wewe. Usiulize nimefanyaje, shukuru tu. Yalla, rudi.

Rika lako daima,
Ronny

14 Machi 2025

Ronny,

Mpe Phyllis hongera. Yeye hana kosa.

Gari lilifika mchana, pande zote mbili zimetulia kidogo wazike watu wao. Aliyeshuka ni Tonny. Amepiga shati pasi, ananiuliza wageni wanapokelewa wapi. Hakuwa ameuliza chochote huko, maana wewe ni rika langu, kwa hiyo kwake wewe ni kaka.

Msimamizi hakuzima hata injini. Alisema nafasi ya kurudi ni moja, khalas, imeisha. Tonny alipoona mashimo ya risasi ukutani alielewa, akakataa kupanda. Anasema mimi ndiye mwenye watoto. Tulisukumana mlangoni pa gari mbele ya askari, wakacheka. Nikampiga kofi, nikamsukuma ndani, nikamfunga mkanda. Aliondoka akilia.

Ndege yake itatua Dubai leo. Nenda uwanjani ukampokee, umtazame usoni, kisha umpe begi lake. Sitaki alale kwako. Na huyo mtoto msimwite Lawrence. Nimemwagiza Tonny aliseme hilo mbele ya Phyllis, na amweleze sababu, yote, tangu siku jina lako lilipoitwa.

Usinitafutie mtu mwingine. Huyo naye ana kaka yake.

Nimevua shati la kampuni, nimebaki na fulana. Wameanza tena kupiga, naingia ndani.

Mimi,
Lawrence, kaka yake Tonny