Kibao cha Medali Kimekwama Kikapuni kwa Anke

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hata sijui nianzie wapi. Baba yangu, mzee Wilf, ana miaka tisini na moja, na wakati wa vita alikuwa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege za kuangusha mabomu Ujerumani, wakiruka usiku kutoka kiwanja ambacho leo ni shamba la viazi nyuma ya nyumba yetu hapa Lincolnshire, Uingereza, na wenzake wengi hawakurudi, lakini vita vilipokwisha watu wa mabomu hawakupewa medali yao maalumu, ila ile ya askari wote, wakubwa wakaanza kuwaonea haya kwa sababu ya miji iliyoungua na watu waliokuwamo, hadi mwaka huu ndipo serikali ikatoa kibao kidogo cha chuma, hakifiki hata kidole, cha kushonewa kwenye utepe wa medali ya zamani. Baba alipokipokea alilia. Kisha akasema, “Kidogo hivi? Basi wameona haya mpaka mwisho.”

Sasa anayemtunza baba si mimi, mgongo wangu hauniruhusu, ni Anke, mke wa mwanangu, mzaliwa wa Kassel huko Ujerumani, ndiye anayemwogesha na kumkaangia soseji, wanacheza karata, wanataniana, anamwita Opa, yaani babu kwa Kijerumani, na bibi yake Anke alipoteza mama na wadogo zake mji ule ulipoungua. Kaka yangu Clive, ambaye ulimi wake hutangulia akili, akamwekea Anke kibao na medali mezani akamwambia, “Wewe una mkono mzuri, mshonee mzee, Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani hiyo inakuja.” Anke akasema sawa, akavitia kwenye kikapu chake cha kushonea, na mpaka leo suruali zimeshonwa, soksi zimeshonwa, kibao bado, na hasemi kitu, kazi anafanya kama kawaida ila utani na mzee umekwisha.

Baba kila asubuhi ananiuliza kibao kiko wapi, nami namwambia kiko kwa fundi. Nilitaka kukichukua Anke akienda sokoni nikishone mwenyewe, nikaogopa. Clive anasema tunamnyima mzee haki yake kwa ajili ya mgeni, mwanangu anasema mkewe asiguswe, na mimi nikimtazama baba namwona kijana waliyemtuma kufa, nikimtazama Anke nawaona wale watoto wa Kassel, na wote wawili nawapenda, sasa nimkosee nani?

Noreen, karibu na Horncastle

Noreen, pole. Pole kweli, maana jambo hili limewashinda wasomi miaka yote hii, wala mimi sitalimaliza hapa gazetini. Lakini wewe hukuulizwa kama miji ile ilistahili kuungua. Umeulizwa kibao kiko wapi, ukadanganya.

Eti kwa fundi! Mzee aliyekaa peke yake mkiani mwa ndege, gizani, akitafutwa na risasi, leo unamwona hawezi kubeba habari ya kikapu cha nguo? Na Anke je, nani kamuuliza lolote? Kaka yako kamtupia kazi, mwanao anamsemea, wewe unapanga kumwibia. Ukikitoa kwa siri utakuwa umemwambia kwamba mmemwona ana kinyongo. Huenda hana. Huenda sindano haishikiki, na kukirudisha nako kunamshinda, kwa sababu anampenda huyo Opa wake. Mtu aliyekwama hivyo hasaidiwi kwa kunyamaziwa.

Fanya hivi. Mwambie baba: kibao anacho Anke, hajakishona. Usiongeze neno. Kisha mwombe Anke radhi kwa alilofanya Clive, umwambie yuko huru kukataa, na akikataa hatapungua chochote nyumbani mwenu. Halafu toka, uwaachie jiko. Ya Kassel ni yao. Baba yako anayo ya kusema, na Anke anayo ya kuuliza. Wakilia, waache walie. Usiingie na chai.

Anke akikurudishia kibao, kishone wewe, hata mshono ukienda upande. Akikishona mwenyewe, usimpigie makofi. Wakiamua kibaki kikapuni, mzee aende kanisani na medali yake vile ilivyo, na Clive akianza maneno, mkumbushe kwamba siku hiyo tunanyamaza dakika mbili, naye anaruhusiwa kuanza mapema.

Kibao kimengoja karibu miaka sabini, hakitaoza. Lakini baba yako ana miaka tisini na moja, na anayemlisha hamtanii tena. Kamwambie leo.